Neva imetoka, mbona jino bado linauma?

Wasomaji, barua za meno zimekua nyingi mwezi huu na karibu zote zinazunguka kitu kimoja, mtu ametibiwa mzizi wa jino, ile watu wanaita ruti kanali, ametoka kliniki akijua shida imeisha, alafu akifika nyumbani uchungu unaanza tena. Nimechagua 3. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake hapo ndipo watu wengi wanapoteza jino lililokua limeshaokolewa.

SWALI

Daktari, habari ya kazi. Mimi ni mama wa watoto 3 hapa Kondele, Kisumu. Alhamisi nilienda kutibiwa gego la chini upande wa kushoto, lilikua limenisumbua karibu wiki 3, usiku silali, nikinywa chai ya moto ni kama nimechomwa na waya. Daktari akapiga ganzi, akatoboa, akatoa neva, akaweka dawa na kuziba kwa muda, akasema nirudi baada ya wiki 2 amalizie. Nikaenda nyumbani vizuri tu. Ganzi ilipoisha jioni uchungu ukaanza, na leo ni Jumapili bado uko. Sio ule wa kwanza, chai ya moto saa hii nakunywa bila shida, lakini meno ya juu na ya chini yakigusana naruka, na nahisi ni kama hilo jino limekua refu kuliko mengine. Jirani anasema neva moja imebaki ndani na inaoza. Shemeji anasema niling'oe tu niachane na gharama. Nimenunua Amoxyl kwa kemisti, nimemeza 6, sioni tofauti. Kama neva zimetolewa, ni nini inauma? Na niling'oe?

JIBU

Mama, pole sana, na usiling'oe. Hilo natanguliza kabla ya maelezo kwa sababu najua kesho asubuhi uchungu ukikushika unaweza kupanda boda uende ukamalize mambo, na kwa vile umeeleza, hilo jino naona liko kwa njia ya kupona.

Swali lako la neva ni zuri na ningependa kila mtu aelezewe kabla hajashuka kwa kile kiti. Jino halijashikana na mfupa moja kwa moja kama msumari kwa mbao. Katikati ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba wa nyuzi nyuzi, unene wake ni kama robo ya milimita hivi, na jino limelala hapo kama mtu kwa godoro. Huo utando una neva zake, tofauti kabisa na zile za ndani ya jino. Ndizo zinakuambia kuna kijiwe kwa maharagwe kabla hujakisaga. Daktari alitoa neva za ndani, na ushahidi ni hiyo chai unayokunywa sasa bila kuruka. Za godoro hakuzigusa na hazitolewi.

Sasa fikiria kazi iliyofanyika hapo Alhamisi. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi 2 na ndani yake mifereji 3 au 4, na kila mfereji daktari anauingilia na vyuma vyembamba kama sindano, anasugua kuta hadi karibu na ncha ya mzizi, anasukuma maji ya dawa ya kuua vijidudu, na hiyo dawa mara nyingi ni jamii moja na Jik ya kufulia, iliyopimwa kwa kazi ya meno. Pale kwa ncha palikua na vidonda tayari, wiki 3 zile zilikua za uvimbe. Ukifanya usafi mahali kama hapo lazima pakasirike kidogo. Na kwa sababu pande zote ni mfupa, uvimbe hauna pa kwenda, unalisukuma jino juu kidogo sana, unywele au chini ya unywele, lakini mdomo unahisi hata unywele. Ndio maana unaona limekua refu. Basi kila ukifunga mdomo hilo ndilo linagonga la kwanza, kila kipande cha ugali unachotafuna kinapigia pale pale penye kidonda. Kwa hivyo hakuna kitu kinaoza, jirani alisema kwa kukuhurumia tu.

Ni wengi wanapitia hii. Kuna uchambuzi wa 2011 uliokusanya tafiti nyingi za maumivu ya ruti kanali pamoja, ukaonyesha kwamba kabla ya matibabu karibu watu 81 kwa 100 walikua na uchungu, siku moja baadaye ni kama 40, na baada ya siku 7 ni kama 11. Na mtu aliyekaa na uchungu mwingi kabla ya kutibiwa, kama wewe na hizo wiki 3, ndiye anaelekea kuusikia zaidi baadaye. Siku 2 za kwanza ndizo mbaya, kuanzia ya 3 inafaa ianze kuteremka, alafu unabaki na ile hali ya jino kuuma ukilikanyaga tu, hiyo inaweza kuvuta wiki moja hata mbili.

Kipimo ninachopenda watu watumie ni hiki, usiangalie uchungu ni mkali kiasi gani, angalia unaelekea wapi. Kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki jiulize, leo na jana? Kama leo ni afadhali hata kidogo, hata kama bado unauma, subiri. Kama leo ni kama jana na jana ilikua kama juzi, piga simu kliniki. Kama leo ni zaidi, usipige simu, nenda.

Na wewe nataka uende kesho Jumatatu, sio kung'oa, ni kwa hiyo habari ya kugonga la kwanza. Fanya hivi sasa hivi, kaa wima, tuliza bega, funga mdomo polepole bila kuuma. Hilo gego likigusa kabla ya mengine, mwambie daktari maneno hayo hayo, linagusa la kwanza. Atakupa uume karatasi nyembamba ya rangi, inafanana na ile kaboni ya risiti. Ukifungua mdomo kutakua na doa la bluu juu ya ile ziba, na doa zito ndio mahali panapogonga. Anapasugua na mashine sekunde chache, unauma tena, doa linapungua, anasugua tena. Hakuna ganzi, hakuna sindano. Nimeona mtu ameingia ameshika shavu kwa mikono 2 na kutoka amezishusha, na usiku huo analala.

Naongea hivi kwa sababu yalinipata mimi mwenyewe nikiwa bado mwanafunzi. Gego la juu, kliniki moja mjini, nikaambiwa tu nimeza hizi na urudi mwezi ujao, hakuna aliyenieleza kitu kingine. Usiku wa pili nilikaa kwa kitanda nikilia na nikaamua kukipambazuka nitaling'oa, nilikua hadi nimehesabu pesa. Mama ndiye alinikataza, akasema rudi kwanza kwa waliolishika. Nikarudi nikijikaza, ziba ilikua juu, wakasugua, na hilo jino ndilo natafunia hadi leo. Naumia sana nikiona mtu ameling'oa siku ya 3 kwa kukosa tu mtu wa kumweleza.

Dawa. Ile Amoxyl haikupunguza uchungu kwa sababu si kazi yake, yenyewe inapigana na bakteria, na ndani ya jino lililotolewa neva hakuna damu tena ya kuipeleka huko. Uchungu wako ni wa uvimbe. Antibayotiki inaingia pale kuna uso kuvimba na homa, na inaandikwa na aliyekuona, kwa kipimo kamili, sio 6 za kuokota kwa kemisti, hiyo tabia inafundisha vijidudu kuzoea dawa. Kesho mwambie daktari ulianza ili akuambie uache au vipi.

Kwa uchungu wa jino kama huu ibuprofeni na parasetamoli zikienda pamoja zinafanya kazi vizuri kuliko moja peke yake. Mtu mzima asiye na shida nyingine, ibuprofeni ya miligramu 400 na parasetamoli ya miligramu 1,000, yaani tembe 2 za 500, mara 3 kwa siku, umeshakula, kwa siku 2 au 3. Usisubiri uchungu upande ndio umeze, ukimeza kwa mpango unalala. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku nzima, na kumbuka Panadol ni hiyo hiyo parasetamoli na dawa nyingi za homa zimechanganywa nayo, watu wanajikuta wamemeza mara mbili bila kujua. Ibuprofeni usimeze kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, una mimba, pumu yako inaamshwa na hizi dawa, au uko kwa dawa za kufanya damu iwe nyepesi, na wa presha aulize kwanza. Na ukiwa kwa ibuprofeni usiongeze diclo, hizo ni ndugu, tumbo ndilo litalipa.

Kula upande wa kulia kwa sasa. Uji, matoke, ndengu, ugali laini na mchuzi, omena subiri kidogo. Mswaki usiache kupiga hapo, polepole, manake uchafu ukikaa kwa fizi iliyotobolewa na sindano unaongeza kidonda. Maji ya uvuguvugu na chumvi nusu kijiko cha chai kwa kikombe, sukutua mara 3 au 4. Usiku ongeza mto mmoja, kichwa kikiwa juu ule mdundo unapungua. Mafuta ya karafuu najua kuna mtu ameshakushauri, yanasaidia jino lenye tundu wazi, lako limezibwa, hayafiki popote, yatakuunguza fizi tu. Na aspirini ya kusaga na kuweka kwa fizi kamwe, inababua nyama inabaki nyeupe.

Sasa mambo ya kukimbia nayo. Shavu kuvimba hadi jicho linafunga, uvimbe chini ya taya au chini ya ulimi, homa na baridi, mdomo kukataa kufunguka, mate kuwa magumu kumeza, sauti kubadilika kama mtu ana viazi moto mdomoni, kupumua kwa shida. Hizo hazingoji Jumatatu na hazingoji miadi, hata kama ni saa 8 usiku unaamsha mtu akupeleke hospitali kubwa yenye emajensi, kwenu hapo Kisumu ni kama Jaramogi. Uvimbe wa chini ya taya unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya masaa, sikuandikii hivi kukutisha lakini ni heri uende ukute ni kidogo.

Mwambie shemeji nimemsikia. Huku kwetu kung'oa sio jambo geni, wazee wa Kijaluo walitolewa meno 6 ya mbele ya chini kama alama ya kuingia utu uzima na wakaishi maisha yao. Lakini yale yalikua ya mbele. Gego ndilo jiwe la kusagia, ukilitoa lile la nyuma yake linaanza kulalia pengo, la juu linashuka kwa kukosa mwenzake, na baada ya miaka michache unatafunia upande mmoja. Ukirudi hizo wiki 2 daktari atajaza mifereji na gutapacha, kitu kama raba kinachotokana na utomvu wa mti, unaweza kusikia uchungu tena siku moja mbili lakini mara nyingi ni mdogo kuliko huu.

SWALI

Daktari, mimi ni mwendesha boda Mumias. Miezi 4 iliyopita nilitolewa neva kwa jino la nyuma juu kulia, nikazibwa ile ya muda, nikaambiwa nirudi. Uchungu uliisha kabisa kwa hivyo sikurudi, pesa nayo ilikua ngumu. Juzi nilikua nakula muwa nikasikia kitu kimelia kwa mdomo, kipande cha jino kimetoka na sasa linauma polepole, sana sana nikiuma kitu. Kuna matumaini?

JIBU

Ndugu yangu, yanategemea hiyo nyufa imefika wapi, na hilo litajulikana kwa kiti tu, kwa hivyo wiki hii, sio mwisho wa mwezi.

Uchungu kuisha ndio uliokudanganya, na sio wewe peke yako, ni karibu kila mtu. Neva ikitoka jino linanyamaza hata kama ndani kazi haijaisha. Ile ziba ya muda ni laini, imetengenezwa kukaa wiki chache, baada ya hapo mate yanapita pembeni na vijidudu vinaingia tena kwa mifereji iliyokua imesafishwa. Kwa hivyo hata muwa usingekuwepo hilo jino lilikua linarudi pole pole kule lilikotoka.

Alafu kuna nguvu. Jino la nyuma lililotibiwa limetobolewa katikati, na kabla ya hapo lilikua limeshaliwa na tundu, zimebaki kuta nyembamba zimesimama peke yake. Ukiuma kitu kigumu kuta zinavutwa huku na huku hadi zinapasuka. Watu wanasema jino likitolewa neva linakauka linakua kama kuni, si hivyo, ni ule mwili mgumu wa jino uliopungua ndio shida. Ndio sababu magego yakishajazwa yanavalishwa krauni, ile kofia inayoshika kuta zote pamoja. Na kumenya muwa kwa meno huko kwenu najua ndio kawaida tangu utotoni, lakini gego la namna hiyo halina hiyo nguvu tena, kata vipande vidogo kwa kisu na utafunie upande mwingine, bora zaidi uache hadi krauni iingie.

Kama kilichovunjika ni ukuta wa juu tu, wanasafisha mifereji upya, wanajaza, wanajenga, wanavisha kofia. Kama ufa umeshuka hadi kwa mzizi, hapo sitakudanganya, litang'olewa, mzizi uliopasuka kwa urefu haushikiki. Kile kipande kilichotoka kama bado unacho kiweke kwa karatasi uende nacho. Na kuhusu pesa, mwambie daktari mapema una kiasi gani, wengi wanakubali kugawanya kazi na malipo, ni bora kuliko kukaa kimya miezi mingine 4. Ukiwa bado hujafika, usitafunie hapo hata mkate.

SWALI

Salamu daktari. Mimi ni mwalimu hapa Njoro, Nakuru, nimezaliwa na kulelewa huku na meno yangu ni ya rangi ya kahawia tangu utotoni. Miaka 2 iliyopita nilitibiwa mzizi wa jino la mbele juu. Halijawahi kuniuma tena. Lakini kwa miezi kadhaa sasa kuna kipele kidogo kwa fizi juu ya meno ya mbele, kinakuja, kinatoa maji yenye ladha mbaya, kinaisha, kinarudi. Hakiumi kabisa. Nikipuuze? Na je, ni hii rangi ya maji yetu imeharibu jino?

JIBU

Mwalimu, usikipuuze. Kutouma hapo sio dalili nzuri, hakiumi kwa sababu usaha umepata njia ya kutoka, hakuna kinachobana. Hicho kipele ni mlango, na njia yake inaanzia kwa ncha ya mzizi wa jino fulani. Kinaweza kukaa hivyo miaka huku mfupa ndani unapungua pole pole.

Rangi ni habari nyingine. Maji mengi ya visima huko Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, kiwango ambacho shirika la afya duniani linashauri kisizidiwe ni miligramu 1.5 kwa lita, na mtoto anayekunywa zaidi ya hapo wakati meno yake bado yanaundwa ndani ya fizi, yanatoka na hiyo kahawia. Ni doa la utotoni, halileti usaha ukubwani. Kama una watoto wadogo nyumbani wape maji ya mvua yaliyowekwa safi ama yaliyochujwa floraidi, na usidhani kuchemsha kunasaidia, maji yakipungua kwa sufuria floraidi inabaki pale pale, inakua nzito zaidi.

Turudi kwa kipele. Tafuta daktari apige eksirei, na kama ile ya miaka 2 iliyopita unayo beba, manake mfupa unapona polepole, kivuli kwenye ncha ya mzizi kinaweza kuchukua mwaka kufutika na mara zingine hadi miaka 4, kwa hivyo picha moja peke yake haisemi kama kinapungua au kinakua, zikiwa 2 ndio wanalinganisha. Jino likiwa ndilo, mara nyingi linafunguliwa na kusafishwa upya, na likikataa kuna upasuaji mdogo wa kukata ncha ya mzizi. Usikikamue kabla ya kwenda. Kikiwa wazi daktari anaweza kupitisha kijiti chembamba cha gutapacha kwenye hicho kitundu, hakiumi sana, kinateleza ndani kikifuata njia ya usaha, alafu anapiga picha kikiwa humo. Kwenye picha unakiona kama uzi mweupe umepinda hadi mahali ulikotoka usaha, na kuna watu wamefika wakilaumu jino la zamani, uzi ukaenda kwa la jirani ambalo halijawahi kutibiwa.